Filamu Bubu na Kiti cha Msimamizi

Jumanne, 22 Aprili

Pasaka imekwisha. Tumerudi Karatu kutoka Mbulu na matope hadi magotini. Nyama tumekula. Na mimi, Remigius Sulle, sasa ni msimamizi wa zamu katika kiwanda cha vitunguu.

Yaani, ndivyo nilivyomwambia mama mkwe. Bado haijawa kweli. Nilikuwa nimeshiba, nikaulizwa mbele ya mashemeji wote kama bado nachambua vitunguu kwa kusimama vilevile kama miaka yote. Ulimi ukateleza. Mama mkwe alifurahi sana, akasema kumbe binti yake hakukosea kabisa kuolewa na mimi. Hilo neno “kabisa” limenichoma kidogo, lakini nimelisamehe. Tatizo ni kwamba ameahidi kuja Mei Mosi ili anione nikiwa nimekaa kitini.

Kiti chenyewe kipo. Cha plastiki, cha buluu, kina pa kuwekea mikono, na juu yake mto alioushona mke wa Mzee Abdulwahabu. Mzee Abdulwahabu ndiye msimamizi wetu. Hukaa mwisho wa mkanda, filimbi shingoni. Sisi kumi na wanne husimama tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, vitunguu vikitupita kwenye mkanda. Vikubwa kulia, vidogo kushoto, vilivyooza kwenye ndoo. Miaka sita hiyo! Magoti yangu yanajua kila saa ya siku bila kuangalia ukutani.

Mzee anastaafu mwisho wa mwezi, anakwenda kukaa dukani kwa mwanawe. (Kukaa tena! Wengine wamezaliwa na bahati.) Meneja wetu, Bi. Germana, atamtaja mrithi wake sikukuu ya Mei Mosi. Siku tisa. Zinatosha kabisa. Nimemwambia mke wangu Angelina asiwe na wasiwasi. Amesema hana wasiwasi, ana aibu.

Jumatano, 23 Aprili

Nimepima wapinzani wangu wote. Yupo mmoja tu: Leonida. Husimama mwanzo wa mkanda, pale vitunguu vinapomwagika. Mikono yake ni cherehani. Haongei, hachelewi, haombi ruhusa. Mbaya zaidi, watu wanasema hata hicho kiti hakitaki. Mtu asiyekitaka kiti ndiye hupewa. Nimeliona hilo hata kanisani, kwenye uchaguzi wa jumuiya.

Mpango: Fundi Lomayani. Yeye ndiye mwenye funguo za kisanduku cha umeme, na ndani ya kisanduku ipo swichi ya mwendo wa mkanda. Namba moja hadi sita. Sisi hufanya kazi kwa namba tatu. Nimemwomba kesho saa nne, Bi. Germana anapopita kukagua, aweke tano. Leonida atazidiwa mbele ya macho ya meneja. Mimi niko mbali, karibu na mwisho. Vitakavyonifikia vitakuwa vimepungua.

Lomayani ametoka kwa wafugaji wa Nainokanoka, hapendi haraka. Aliniuliza kama meneja ana habari. Nikamjibu kwamba meneja ana habari ya kila kitu. Kwa ujumla, hiyo ni kweli. Nimelala mchana robo saa kwa furaha, nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 24 Aprili

Ah!

Saa nne kasorobo Leonida aliitwa ofisini kusaini karatasi za likizo. Mzee Abdulwahabu akapuliza filimbi, akanyoosha kidole, akanihamishia mimi kwenye nafasi ya Leonida. Nikamkonyeza Lomayani. Akanikonyeza pia, akaweka tano. Ni mtu wa ahadi.

Vitunguu vilinijia kama ng'ombe walioona maji. Kulia, kushoto, ndoo! Kushoto, ndoo, ndoo! Nikakosa kujua upi ni mkono wa kulia. Nikateleza. Bi. Germana mwenyewe ndiye aliyezima mkanda, na hapo nilikuwa nimefukiwa hadi kifuani. Aliniuliza ninafanya nini chini. Nilimwambia ninakagua mkanda kwa upande wa chini, kwa kuwa hakuna anayeujali. Akaandika kitu kwenye kidaftari chake.

Leonida alirudi, akanifukua, akanitoa ganda la kitunguu sikioni bila kucheka. Siwezi kuvumilia wema wa namna hiyo.

Hata hivyo siku haikuwa mbaya. Nyumbani kulikuwa na makande yenye nazi, na ukungu ulishuka mapema, tukakaa karibu na jiko. Angelina alisema nanukia supu.

Ijumaa, 25 Aprili

Siku ya mnada. Nusu ya kiwanda imeomba ruhusa kwenda kuangalia mitumba na mbuzi. Sisi tuliobaki tuliitwa na Bi. Germana. Amesema Mei Mosi ya mwaka huu haitakuwa pilau na soda tu. Anataka wafanyakazi waone kitu kinachofundisha kazi. Nani ana wazo?

Leonida aliangalia viatu vyake. Mimi nikainua mkono kabla sijawa na wazo lolote, na wazo likaja lenyewe mkono ukiwa juu.

Filamu! Kwani mimi ni nani? Mimi ni DJ Remi! Kabla ya vitunguu nilikuwa natafsiri filamu kwenye banda la Marijani, karibu na stendi. Filamu inaonyeshwa, mimi na maiki, nawasemea wote kwa Kiswahili: majambazi, mapolisi, wachumba, mbwa. Watu walikuwa wanatoka Rhotia kuja kunisikiliza. Tuligombana kwa sababu Marijani alidai naongeza maneno yasiyokuwemo. Ndiyo kazi yenyewe!

Na filamu ninayo. Angelina anafua mashuka kwenye kambi ya watalii, na mwaka jana mzee mmoja wa Kizungu mwenye ndevu alimwachia flashi ya filamu za zamani kama shukrani. Nikamwambia Bi. Germana kwamba ninayo filamu ya mafunzo ya viwandani, kutoka Ulaya, maalumu kwa nidhamu ya kazi. Aliniangalia kwa muda mrefu. Kisha akasema vizuri, Remigius. Akaandika tena kwenye kidaftari! Safari hii kalamu ilitembea kwa upole.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano. Nimekwenda kwenye duka la Hajira la kudurufu karatasi ili nijue kama kweli ninayo filamu ya mafunzo ya viwandani.

Ninayo! Mungu yupo. Hajira alinipa dakika tano kwenye kompyuta yake, kwa sababu kulikuwa na foleni ya watu wa picha za pasipoti. Nimeona lango la kiwanda. Wafanyakazi wanaingia kwa mstari, wanavua kofia, wanamwamkia bosi. Mitambo inang'aa. Makopo ya jamu yanapita kwenye mkanda, na bwana mmoja mwembamba anagonga muhuri kwenye kila kifuniko. Ta. Ta. Ta. Hakosei hata kimoja! Yote nyeusi na nyeupe, kwa hiyo ni ya elimu.

Hajira aliniuliza mbona haina sauti. Nilimwambia kompyuta yake haina spika. Akasema inayo. Sikutaka ubishi, nikachomoa flashi.

Angelina anashauri niiangalie yote kabla. Haelewi sanaa. DJ mzuri haangalii kabla. Akiangalia kabla, sauti inakosa mshangao.

Jumapili, 27 Aprili

Aibu ndogo kanisani. Wakati wa matoleo watu walikuwa wanapita katikati kwa mstari, vikapu mikononi: mahindi, ndizi, viazi. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa benchi. Mkono ukanyanyuka wenyewe, ukachukua kiazi kidogo kutoka kikapu cha mama mmoja, ukakiweka kushoto. Halafu kingine. Angelina alinikanyaga. Mama yule alidhani namwibia Mungu.

Baada ya misa, kwa Marijani. Ana projekta na spika, mimi sina hata waya. Alinikaribisha chai, akanisikiliza, akakubali kwa sharti moja: atakayeshika maiki ni yeye. Amekuwa akitafsiri mwenyewe tangu nilipoondoka, na anasema watu wamemzoea. Watu! Anawapa wahusika wote sauti moja, hata wanawake. Nilikubali haraka sana. Akaingiwa na wasiwasi, akaniongezea chai.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepata mpango safi. Bi. Germana anajua filamu ni saa nane mchana. Marijani nimemwambia saa kumi. Atakapofika, DJ Remi atakuwa ameshamaliza, watu wanapiga makofi, na kiti ni changu. Nimecheka peke yangu hadi Mzee Abdulwahabu akapuliza filimbi.

Nyumbani nikamweleza Angelina. Aliendelea kukunja mashuka. Halafu akauliza, taratibu tu, kama projekta inakuja na Marijani saa kumi, mimi saa nane nitaonyesha filamu kwa kutumia nini.

Nimetoka nje kuangalia kuku.

Jumatano, 30 Aprili

Angelina ameshampigia Marijani na kumpa saa ya kweli. Mwanamke huyu hana subira na mipango yangu, lakini leo nimemshukuru.

Mama mkwe amefika kutoka Mbulu na jogoo kwapani. Kabla hata hajaketi, aliuliza msimamizi hupuliza filimbi mara ngapi kwa siku. Nilimwambia inategemea. Ameleta kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake, maua mekundu pembeni, cha kutandika kwenye kiti changu. Kitambaa kizuri. Nilikishika muda mrefu. Mama huyu alifiwa na mume mapema, akalima ngano kwa jembe, hakuna mtu katika ukoo wake aliyewahi kulipwa kwa kukaa. Niliona macho yake, nikahisi vibaya kwelikweli kwa kama dakika nzima.

Halafu jogoo akapikwa.

Alhamisi, 1 Mei

Ninaandika nikiwa nimeshiba pilau, koo limekauka. Niandike kwa mpangilio.

Ghalani tulifunga milango, giza likapatikana. Shuka la kambi ukutani. Bi. Germana mstari wa mbele, mama mkwe kando yake na kitambaa mapajani. Mvua ikaanza kupiga mabati. Marijani akawasha projekta, akashika maiki, akasubiri watu wa filamu waongee. Hawakuongea. Akabonyeza kila kitufe. Hawakuongea. Akanigeukia akasema hii filamu ni bubu, na yeye hatafsiri bubu. Akaniachia maiki mkononi.

Bubu! Saa nzima! Hajira alikuwa sahihi kuhusu spika.

Lakini nikajiambia, Remi, huu ndio wakati wako. Kama hawasemi, basi watasema ninachotaka. Nikaanza kwa sauti nzito: ndugu wafanyakazi, tazameni nidhamu! Lango. Mstari. Kofia. Bi. Germana akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yule bwana mwembamba akagonga muhuri wake, ta, ta, ta, na mimi nikamsemea kwamba anaipenda kazi kuliko chakula.

Dakika tano zikaisha. Hapo ndipo nilipoishia kuangalia.

Akatokea msimamizi wa kule. Mnene, filimbi shingoni, juu ya kiti. Amelala! Nikasema anatafakari. Kila akishtuka anapuliza filimbi, na mkanda unakwenda mbio zaidi, halafu analala tena. Nikasema anatafakari kwa undani. Ghala zima likamgeukia Mzee Abdulwahabu. Mzee mwenyewe alikuwa wa kwanza kucheka.

Makopo yakaja kwa kasi. Bwana mwembamba akashindwa kusimamisha mkono. Akagonga muhuri kwenye mkate wake. Kwenye supu. Kwenye shavu la karani. Kwenye upara wa bosi mkubwa, mara mbili! Nikasema hiyo ni alama ya ubora. Watu wakaanguka kwenye magunia. Mbwa akapita, akagongwa muhuri. Nikambwekea. Mwisho yule bwana akaangukia kwenye sanduku, akapigiliwa misumari, akapigwa muhuri na yeye, akapakiwa kwenye treni. Nilikuwa nimeishiwa kabisa. Nikasema amepelekwa masomoni.

Taa. Nilitazama chini. Nilijua kiti kimekwenda.

Bi. Germana alikuwa ameinama, mabega yanatikisika. Nilidhani analia. Analia kweli, lakini kwa kucheka! Alijaribu kusimama atangaze mrithi, sauti haikutoka. Akapunga mkono tu. Tangazo kesho.

Na mama mkwe? Alinishika mikono yote miwili. Alisema hajawahi kuona msimamizi anayesikilizwa namna ile. Mimi peke yangu nasema, hata wazungu ukutani wanafanya ninayosema. Nimeguswa sana. Ameongezewa pilau.

Ijumaa, 2 Mei

Msimamizi mpya ni Leonida.

Bi. Germana alitukusanya asubuhi kabla mkanda haujawashwa. Alisema jana alicheka, halafu usiku hakuwa na raha. Alianza kazi kwenye shamba la maua, akasimama miaka minane, na pale alikuwepo mtu wa kiti na filimbi kama yule wa ukutani. Alikuwa amemsahau kabisa mtu huyo, akaona kwamba na yeye amemweka mwingine hapa. Kwa hiyo Leonida atasimamia akiwa amesimama pamoja nasi, ndivyo alivyoomba mwenyewe. Mkanda utakwenda namba mbili. Na kile kiti kitakuwa cha wote, kwa zamu, kila mtu dakika kumi.

Kisha akasema haya yote ni kwa sababu ya filamu ya Remigius, na watu wakanipigia makofi mpaka Lomayani akaja na spana mkononi, akidhani mashine imeharibika.

Nilisimama pale sijui nihuzunike au nifurahi. Magoti yaliamua kabla yangu. Zamu yangu ni saa nne na dakika kumi hadi saa nne na ishirini. Nilikaa. Jamani! Mto ule! Ukikaa pale vitunguu vinaonekana vizuri kabisa, vinapita vyenyewe, havikuhusu.

Leonida alinipa mkono. Nilimwambia namtakia heri, na nilishangaa kuona ni kweli.

Jumatatu, 5 Mei

Mama mkwe anaondoka leo na basi la mchana, na aligoma kuondoka kabla hajaniona kitini. Angelina alisema sasa nimwambie mama yake ukweli, niumalize. Nilimwambia nina kitu bora kuliko ukweli. Nina ratiba.

Saa nne na dakika kumi kamili, Angelina akamleta dirishani. Nilikuwa nimekaa! Kitambaa chenye maua mekundu kimetandikwa vizuri. Filimbi nilimwomba Leonida, akaivua bila kuuliza. Nikapuliza kidogo. Mama mkwe alishika vyuma vya dirisha, akaangalia, akaangalia. Akamuuliza Leonida, aliyekuwa amesimama karibu, kama huyu ndiye msimamizi. Leonida hasemi uongo, nilifumba macho. Alimjibu: “Mama, saa hizi hapo anakaa yeye, na mwendo huu wa polepole ameuleta yeye.” Mama mkwe akasema ahsante kwa Kiiraqw, mara tatu.

Lakini haondoki! Anaangalia tu. Saa nne na kumi na tisa. Saa nne na ishirini. Supeet, anayesimama jirani yangu, akaja, akasimama mbele yangu, akakohoa. Sheria ni sheria. Nikainuka, nikampisha kwa mikono miwili, nikamwambia mama mkwe dirishani kwamba msimamizi wa kweli huwapisha wadogo wake wapumzike. Nikaenda kusimama kwenye mkanda nikachambua.

Mama mkwe alilia. Alisema cheo hakijanibadilisha.

Jumanne, 6 Mei

Siku nzuri. Mvua imekatika, mlima Oldeani umeonekana wote. Nimekaa dakika kumi na mbili, Supeet alikuwa chooni.

Bi. Germana alinisimamisha mlangoni. Mwezi ujao atakuja mkaguzi wa usalama, ataangalia kama tumejiandaa kwa moto, na angependa wafanyakazi wapate mafunzo mbele yake. Nikamwambia asiseme zaidi. Kwenye ile flashi ipo filamu ya zimamoto! Nimepita kwa Hajira mchana, nimeona dakika tano. Vijana wamejipanga mstari, wanaosha gari lao, kofia zinang'aa, ngazi zimenyooka. Hakuna hata anayekimbia. Mafunzo safi ya usalama. Iliyobaki siangalii, nisije nikaharibu sauti. Marijani nitamwambia saa kumi.

Jambo moja dogo la jana sikuandika. Mama mkwe akiwa na mguu mmoja ndani ya basi, aliniuliza baada ya usimamizi mtu hupanda cheo gani. Dereva alikuwa anapiga honi, Angelina alikuwa ananitazama, na mimi nilikuwa na furaha. Ulimi ukateleza.

Atakuja Nane Nane, anione ofisini.